Mstari wa Saba kwenye Fomu ya Sabuni

Funguo za kabati la sampuli nimezikabidhi Ijumaa, zote mbili, ule wa kweli na ule ambao haujafungua kitu chochote tangu nilipoukuta. Siku hiyohiyo ninyi vijana wa ofisi mkanizunguka mkasema, Bibi, kabla hujaenda kukaa na shamba lako la kahawa, tuandikie mlivyokuwa mnafanya kazi zamani. Nilicheka. Mimi niliyeishia darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu, leo niwaandikie watu wenye vyeti vya chuo. Lakini majina ninayo yote kichwani, na mkono wangu ulinyooshwa na kisomo cha watu wazima, kwa hiyo kaeni niwaandikie. Herufi zilizolala mtazisimamisha wenyewe.

Jina langu Bernadeta Kinunda. Ninyi mnaniita Bibi, wenzangu wa zamani waliniita Mama Otmari kwa jina la mwanangu wa kwanza. Niliingia ofisi ya afya hapa Mbinga miaka michache baada ya Uhuru, kazi kufagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza nilifika ukungu haujainuka, nimevaa viatu vya wifi yangu Benigna, vikubwa, nimevijaza majani makavu ya mgomba huko mbele visinivuke. Nikaikuta ofisi imeshafagiwa. Mlinzi, Mzee Ditrami Ndunguru, aliifagia makusudi aone nitafanya nini. Mimi nikafagia tena, kila pembe, hata chini ya kiti chake yeye akiwa amekikalia. Akasema, "Huyu ataweza." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira, ile nyingine ilichelewa sana.

Kazi ninayotaka kuwaambia ilikuja baadaye, wakati wa vijiji vya ujamaa, tulipoletewa Bwana Afya kutoka Tanga. Alikuwa Bwana Omari Kilindo, mtu mrefu, mwenye swala zake tano na makoti yake mawili, maana baridi yetu ilimtesa. Asubuhi ya kwanza alikishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, akaniuliza, "Mama Otmari, baridi hii mnaipenda au mmeizoea tu?"

"Hatujawahi kuulizwa, Bwana Afya," nikamjibu. Tukaelewana tangu hapo.

Siku zile vitu vya kujipaka vilikuja vya kila namna. Vingine vilivuka ziwa kwa mitumbwi, vingine vilipanda na malori kutoka Songea, mafuta ya nywele, poda, wanja, krimu za kung'arisha uso kwenye vichupa visivyo na jina. Mama mmoja alikuja ofisini amejifunika kanga mpaka machoni, alipoifunua, uso ulikuwa umebanduka kama kiazi kilichochemshwa. Muuzaji hakujulikana, mtengenezaji hakujulikana, kilichokuwa ndani hakikujulikana. Bwana Kilindo hakula mchana ule. Kesho yake akaanza kuandika, na baada ya barua nyingi kwenda na kurudi Songea likatoka agizo kwamba yeyote anayetaka kuuza kitu cha kupaka au kuoshea mwili, kabla hajakiweka dukani, alete taarifa.

Fomu yenyewe ilikuwa na mistari sita. Jina la muuzaji, jina la kitu, nani amekitengeneza na wapi, kina nini ndani, kinatumika sehemu gani ya mwili, na onyo kama lipo. Pamoja na fomu, sampuli moja haijafunguliwa. Tuliandika nakala tatu kwa karatasi za kaboni, ya kwanza Songea, ya pili kabatini, ya tatu ya muuzaji, imepigwa muhuri. Kaboni ilikuwa moja kwa wiki. Ikifika Alhamisi nakala ya tatu ilisomwa kwa imani.

Bwana Kilindo akaniita. "Unajua kusoma?"

"Herufi kubwa, zikienda polepole."

"Na kukumbuka?"

Nikamtajia watu wote walioingia mlangoni tangu Jumatatu, jina, kijiji na alichokuja kulalamikia. Nilipofika kwa Mama Skola wa Kitura na jino lake akaweka kikombe chini. "Inatosha. Kabati ni lako."

Wanangu, nilitoka pale nikiwa sijui nakanyaga wapi. Mfagiaji nimepewa kabati la Serikali. Kwa kuwa maandishi ya chupa yalinishinda, mengi yakiwa Kizungu, nilifunga nyuzi. Nyekundu kwa vya uso, nyeupe kwa vya nywele, nyeusi kwa sabuni. Mafundo niliyapiga kufuata mpangilio wa kuja. Wakaguzi kutoka Songea walicheka nyuzi zangu hadi siku walipotaka chupa fulani, nikaitoa kabla hawajamaliza kuitaja.

Jambo moja lilitusumbua sana, nanyi litawasumbua. Taarifa si sifa. Mtu akileta taarifa ametuambia tu anauza nini, na mzigo wa kusema kweli unabaki shingoni mwake. Muhuri wetu ulikuwa na maana kwamba tumesikia. Lakini watu walitaka usikivu wetu uwe upendo. Mzee Fabiani Kapinga, mwenye duka kijijini Ruanda, alileta taarifa ya mafuta ya nywele, akapewa nakala yake, akaitia kwenye fremu akaitundika juu ya mizani, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Tulipopita nikamsikia anamwambia mteja, "Haya mafuta Serikali imeyapaka yenyewe, ikayapenda."

Bwana Kilindo akavua kofia, akainamisha kichwa chenye upara mtupu mbele ya kaunta. "Mzee Kapinga, nitazame vizuri. Haya mafuta Serikali imepaka wapi?"

Duka zima lilicheka, na Mzee Kapinga mwenyewe akacheka mpaka akashika mizani. Karatasi ilishuka ukutani siku ileile. Fremu aliibakiza.

Sasa ndio nafika kwa Bibi Febe.

Alikuja kutoka kijiji kimoja cha ujamaa huko ufukweni, upande wa Kihagara, amepanda milima yote ile na kikapu kichwani. Bibi Febe Ndomba, mwembamba kama mti wa kukorogea ugali, ameongozana na katibu wa kijiji, Bwana Lameki, kijana aliyevaa kalamu tatu mfukoni. Akina mama wa kijiji walikuwa wanapika sabuni ya pamoja, na Bibi Febe ndiye mkuu wao. Duka la kijiji lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na sabuni ndiyo ingekaa rafu ya mbele. Nilifunua kikapu. Madonge meusi, laini, kila moja limeviringishwa kwenye jani kavu la mgomba, na harufu safi kama nguo iliyotoka juani.

"Shikamoo, Bibi," alisema Bwana Kilindo.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu hakuna moto?"

Nikaleta chai. Fomu ikaanza vizuri, mpaka mstari wa nne. Kina nini ndani?

"Mawese," alisema Bibi Febe. "Maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Na dawa yangu."

"Dawa gani, Bibi?"

"Yangu."

"Bila mstari wa nne siwezi kupiga muhuri."

"Basi usipige. Watu waliogea kabla muhuri haujazaliwa."

Bwana Lameki alianza kutoa jasho kwenye baridi ile. "Bibi, wageni wa wilaya wanakuja kufungua duka. Tusipokuwa na muhuri tutaweka nini mbele yao? Mwambie tu."

"Nikimwambia ataandika. Akiandika kila mtu atasoma. Wakisoma, sabuni imekwisha." Akanigeukia mimi niliyeshika birika. "Huyu mama anaandika?"

"Kidogo," nikasema.

"Anasoma?"

"Polepole."

"Nitamwambia huyu."

Akanivuta nyuma, penye jiko letu la chai. Akaniapisha kwa kitabu chake cha sala, maana yeye ni Mwanglikana, nami nikaongeza rozari yangu ili tusije kulaumiana mbele ya Mungu. Kisha akaninong'oneza. Nilitaka kucheka, akanishika sikio kama mtoto. "Usicheke. Usimwambie mtu mpaka nikufungue mimi mwenyewe."

Tuliporudi Bwana Kilindo akaniuliza, "Ni sumu?"

"Hapana."

"Inachoma?"

"Hiyo ndiyo inayozuia kuchoma."

Alinitazama sana. Halafu akaandika, na karatasi ninaikumbuka ilivyokaa: mawese, maji ya majivu ya maganda ya ndizi, na kitu anachokijua Mama Otmari. "Songea watanicheka," alisema. "Lakini likitokea jambo, Mama, mlango wa kwanza kugongwa ni wako." Akapiga muhuri. Donge moja nikalifunga uzi mweusi, nikaliweka rafu ya chini. Bibi Febe akashuka milima na karatasi yake kifuani.

Jambo likatokea. Donge lile lilikuwa kabatini kwa karibu msimu mzima, kahawa ishaanza kuiva, aliposhuka Mwalimu Hilda Mbunda kutoka Kitura. Ndugu yake alimletea sabuni kutoka ziwani, iliyonunuliwa juzijuzi tu, siku duka la kijiji lilipofunguliwa hatimaye. Alinyoosha mikono yake juu ya meza. Ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, ngozi imechanika katikati ya vidole, kalamu hawezi kushika. Akaweka donge lililobaki, limo kwenye jani lake la mgomba.

"Nimeambiwa ina muhuri wa ofisi hii," alisema. "Nimekuja kuona mkono uliopiga muhuri, kama wenyewe ni mzima."

Bwana Kilindo akaitoa taarifa. Akausoma mstari wa nne kwa sauti, mpaka mwisho. Mwalimu Hilda akanigeukia.

"Sema, Mama Otmari," alisema Bwana Kilindo.

"Niliapa, Bwana Afya."

"Basi naandika amri ya kusimamisha. Sabuni yote ikusanywe ifukiwe, na wale akina mama wasipike tena. Lori la kahawa linashuka kesho asubuhi, litaibeba amri." Alikuwa ameshachukua kalamu. Alikuwa haringi, wanangu, alikuwa anaitazama mikono ya Mwalimu. Nami niliitazama, nikajua tayari kilichotokea, na mdomo umefungwa kwa kitabu cha sala na rozari.

Nikafungua kabati. Nikatoa donge la uzi mweusi, nikaliweka pembeni ya lile la Mwalimu. Nikakwangua kidogo kwa ukucha kwenye lile la kabatini. "Bwana Afya, weka ulimini."

"Sabuni?"

"Sijaapa kutolambisha."

Akalamba. Akatafuna mdomo. "Ni sabuni tu."

"Sasa hii ya Mwalimu."

Akalamba, akaruka kutoka kitini na makoti yake yote mawili, akaenda kutema mate nje, akarudi machozi yanamtoka. Mwalimu Hilda, pamoja na maumivu yake, alicheka. Nami nikalamba. Ilinipiga ulimi kama umeng'atwa na siafu.

"Mpishi mmoja, chungu kimoja," alisema Bwana Kilindo akijifuta. "Tofauti ni nini?"

"Twende akwambie mwenye siri."

Akamaliza kuandika amri yake, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Nitakwenda. Lakini mstari wa nne ujazwe mbele yangu, kwa kinywa chake. Usipojazwa, naitoa hii."

Kesho yake tulishuka na lori, mimi juu ya magunia, Bwana Kilindo mbele na dereva. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa. Mtu mzima, mama wa watoto sita, nimezaliwa kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia maharage mlimani, naliona ziwa likitokea chini kati ya milima, kubwa, la buluu, halina ng'ambo. Nilisimama juu ya magunia nikasahau kilichotupeleka. Dereva akapiga kelele, "Mama, kaa chini, maji hayakimbii." Barabara ilipoishia tukamalizia kwa miguu, na kila hatua Bwana Kilindo alipunguza nguo. Koti moja, halafu la pili, halafu sweta. Tulipofika kijijini alikuwa mtu mwingine kabisa.

Usipa, dagaa wa kule, ulikuwa umeanikwa mchangani unang'aa kama vipande vya bati. Akina mama walikuwa kwenye sufuria lao kubwa, wanakoroga. Bibi Febe alipotuona hakushtuka. Alipoonyeshwa donge la Mwalimu Hilda ndipo aliposhtuka. Alilibandua jani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akalitupa chini.

"Hii sikuitoa mimi."

Akatupeleka nyumbani kwake. Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli kubwa, limefungwa vizuri. "Hapa ndipo sabuni inapolala na dawa," alisema kwa sauti ya kusikika, maana akina mama walikuwa wametufuata. "Hiki chumba sifungui mpaka mwezi uandame." Lakini siku ile akalifungua. Mikeka ya upande wa kushoto ilikuwa mitupu.

Mimi nikatazama bawaba za mlango. Misumari yake ilikuwa mipya.

"Bwana Lameki," alisema Bwana Kilindo taratibu, "kalamu zako ziko tatu. Nyundo je, unazo ngapi?"

Katibu akakaa chini palepale kizingitini. "Bibi alikuwa amekwenda mazikoni Liuli. Wageni wanakuja kesho yake, rafu ya mbele tupu. Kufuli sikuligusa, nilitoa mlango. Nilijua dawa imeshaingia, Bibi. Sabuni zilikuwa na siku tatu. Nilijua dawa siku tatu inatosha. Ni dawa gani hiyo haiingii kwa siku tatu?"

Ndipo Bwana Kilindo akatoa fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, na mkono mwingine ukakaa juu ya mkoba wenye amri. Bibi Febe aliuona mkono ule. Aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, wanawake waliokuwa wanamwamkia kwa kupiga magoti kwa sababu ya chumba kile. Akanitazama mimi.

"Nimekufungua, Mama Otmari. Lakini nitasema mwenyewe." Akashusha pumzi. "Dawa hakuna. Hakuna jani, hakuna mzizi. Sabuni naiweka hapa, nafunga mlango, nangoja mwezi. Maji ya majivu yanakuwa makali, yakikaa na mafuta siku nyingi yanatulia. Nalamba. Ikining'ata, nafunga tena. Isiponing'ata, natoa. Basi."

Mama mmoja, Tabita, akasema, "Bibi, kungoja tu?"

"Kungoja tu. Miaka ile ya kwanza niliwaambia, ngojeni. Mkasema Bibi mvivu, Bibi amezeeka, mkauza ya moto, mkaunguza watoto wenu. Nikawaambia kuna dawa, inaingia taratibu, ukichungulia inakimbia. Mkangoja."

Nilimwona amekunja vidole vyake, anasubiri heshima yake ianguke. Kisha Tabita akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, na wenzake wakamfuata, wakashikana mabega, "Mimi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole nikipita hapa," "Mimi nilimpiga mwanangu kwa kuchungulia," na Bibi Febe naye akaachia, akacheka amejishika kiuno. Bwana Lameki peke yake hakucheka. Akina mama walimpa kazi, atembee nyumba kwa nyumba akusanye kila donge lililouzwa siku ile, na kila atakalolipata alilambe kwanza. Alifanya hivyo. Wiki nzima alizungumza kama mtu aliyeungua na uji.

Bwana Kilindo akaitoa amri mkobani. Akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka juu ya goti. "Mstari wa nne haukuwa na kosa," alisema. "Mawese na majivu, ndivyo vilivyomo. Fomu yangu ndiyo iliyokuwa na shimo. Niliuliza kina nini, sikuuliza kimekaa siku ngapi." Akaandika chini ya mistari sita, mstari wa saba: Imekaa muda gani kabla ya kuuzwa, na nani ameithibitisha. Akamsomea Bibi Febe.

"Hapo kwenye nani," alisema Bibi Febe, "andika ulimi wangu."

Sabuni haikufukiwa. Madonge yaliyorudi yalilazwa tena kwenye mkeka, yakangoja mwezi wake. Mwalimu Hilda, mikono ilipopona, nilimpelekea mojawapo mwenyewe. Alilipokea, akashukuru, akalilamba mbele yangu kabla hajaniambia niketi.

Nami nilirudi ziwani mara nyingine kwa ukaguzi. Nilidhani nitakuta chumba wazi, maana siri si ilikwisha? Kufuli lilikuwa palepale. Akina mama walileta sabuni mpya, wakaipanga, na Tabita akauliza kwa heshima zote, kana kwamba hajui, "Bibi, dawa imeingia?"

"Bado," alisema Bibi Febe, akafunga mlango.

Fomu zenu siku hizi zimepigwa chapa mjini, zina kurasa, na maneno ambayo hata ninyi mnayasoma mkikunja uso. Mstari wa Bwana Kilindo nimeutafuta nikaukuta, umehamia ukurasa wa pili, umevaa suti. Msiurukeruke. Na donge la uzi mweusi lipo kabatini, rafu ya chini, mkono wa kulia, limekuwa gumu kama jiwe la kusagia. Msilitupe. Akija mtu na chupa yake mpya anataka muhuri leoleo kwa sababu wageni wanakuja kesho, mleteeni kiti na chai, na akiwauliza kama taarifa yake iko tayari, mnajua la kumjibu.